Injini za dizeli bado ziko barabarani, wanaozijua wanaachishwa kazi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika, lakini taarifa ya kuachishwa kazi watafiti wa magari Ulaya imenishinda. Mwandishi wenu alimaliza kwa kusema gari la umeme lina vipuri vichache, basi wahandisi wachache wanatosha.

Ni kweli halina nozeli wala turbo. Ford walitumia hoja hiyo Februari 2023 walipotangaza kuondoa nafasi 2,800 za uhandisi Ulaya. Februari 2025 Continental, watengeneza vipuri wa Ujerumani, nao wakataja nafasi 3,000 za utafiti zitakazoondolewa hadi mwisho wa 2026. Lakini wanaoondoka wanabeba nini? Hilo hamkuuliza.

Injekta ndiyo inayopulizia dizeli ndani ya injini; kwenye komoni reli, zote zinalishwa na bomba moja la presha kubwa. Ndani yake sindano, yaani kijiti cha chuma kinachofungua na kufunga njia ya dizeli, inacheza kwenye nafasi ya mikroni chache tu, yaani sehemu chache za elfu za milimita. Unywele una unene wa mikroni kama 70. Dizeli inaingia kwa presha ya baa 300 hivi injini ikinguruma bila mzigo, na kwenye injini nyingi za sasa inafika 2,000 mlimani. Mtafiti ndiye anayeamua itoke kiasi gani, lini, kwa vipande vingapi katika kila mzunguko. Kwenye injekta nyingi kuna msimbo umechongwa kichwani, na ukibadilisha injekta bila kuuingiza kwenye kompyuta ya gari, injini inaweza kugonga na kutoa moshi. Ukiipima injekta juu ya mashine ya kupimia unahitaji jedwali: kwa presha hii itoe ujazo gani, irudishe ujazo gani. Bila jedwali la kiwandani, mashine ya mamilioni ni meza ya chuma, na fundi anabaki kubadilisha injekta zote nne kwa kubahatisha huku mwenye gari akilipia tatu zilizo nzima.

Na wanaochakachua dizeli kwa mafuta ya taa wanatumaliza zaidi. Mafuta ya taa hayalainishi kama dizeli. Sindano inakwaruzika, dizeli inayorudi inazidi, presha haifiki, gari likipata moto haliwaki tena. Kisha mteja anaambiwa pampu imekufa! Vinasaba, yaani kemikali za alama za kugundua mafuta yaliyochakachuliwa, viliwekwa tangu 2010, lakini foleni ya injekta zilizokwaruzika haipungui.

Viwanda vichapishe majedwali ya kila injekta iliyopita miaka 10, bure, kabla mhandisi wa mwisho hajarudisha kitambulisho chake. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao waajiri wawili kati ya hao walioachishwa, kwa miaka miwili, wakae na walimu wetu wa magari mbele ya mashine ya kupimia. Wapewe pia injekta mbovu za malori ya Tunduma, mpakani na Zambia, wazifungue moja moja.

Fundi wa pampu na nozeli,
Mbeya