Kuhusu Zuhura na lile shindano

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Mimi sijambo, ila baridi ya Istanbul imenikamata kifua. Mzigo wa magauni umeshafungwa, ukifika Kariakoo Mama Hawa atakupigia. Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Ile sauti uliyonitumia unalia nimeisikiliza mara tatu, na kila nikitaka kujibu nakwama pale unaposema binti yako Zuhura akipanda jukwaani kwenye shindano la urembo ataliharibu jina la babu yake.

Jana nilitoka Laleli nikapanda hadi Beyazıt, kwenye soko la vitabu vya zamani nyuma ya msikiti. Ndani ya boksi la kadi za posta nikamkuta binti, nywele fupi za mawimbi, anakutazama usoni bila woga. Pembeni pana doa la chai. Nikamuuliza mwenye duka ni nani, akasema, "Keriman Halis," akaifuta kadi kwa mkono wa koti kabla hajanipa. Nimekununulia wewe.

Huyu alizaliwa hapa hapa mwaka 1913, mji bado wa sultani na khalifa. Usultani ukafutwa 1922, ukhalifa 1924, na 1928 hata herufi za Kiarabu za Kituruki zikaondolewa. Mtoto wa Kiislamu amekulia katikati ya hayo yote! Gazeti la Cumhuriyet lilianza shindano la urembo 1929; yeye akashinda la 1932, na Julai ya mwaka huo huo akaenda Spa, Ubelgiji, akatoka wa kwanza kati ya wasichana wa nchi 28. Wakamwita Miss Universe, miaka 20 kabla Wamarekani hawajaanzisha hili shindano la Miss Universe la siku hizi. Alikuwa na miaka 19, shoga. Umri wa Zuhura.

Sasa sikia kilichonigusa. Mwaka 1934 sheria ilimtaka kila mtu awe na jina la ukoo, na Rais Atatürk mwenyewe akampa lake: Ece, yaani malkia. Wewe unaogopa binti ataharibu jina, mwenzio aliletea nyumba yake jina jipya. Akaishi nalo mpaka Januari 2012, ana miaka 98.

Sisemi umruhusu kesho. Unakumbuka lile la wilayani nililoshiriki, yule mwandaaji alituweka mpaka saa nane usiku, wengine hatuna hata nauli ya kurudi? Mama hakuwepo, kwa sababu nilitoka kwa kujificha. Hicho ndicho ninachomhofia Zuhura, kwenda kwa siri. Jina la babu yake... mzee yule mwenyewe ndiye aliyempeleka shangazi yako shule wakati mtaa mzima unamsema, au umesahau?

Shemeji amesemaje hasa, amekataa au amenyamaza? Umemuuliza Zuhura anachotaka ni nini? Nguo za jukwaani ni zipi, na nani anazishona? Chuo anafungua lini? Ukumbini angekaa na nani, wewe ungekwenda? Na kadi hii, nimpe Mama Hawa akuletee, au ningoje niilete mwenyewe Ramadhani, tukae wote watatu uani?

Nijibu usiku, mchana niko dukani.

Wako,
Mwanaidi