Kipande cha 2 usikiguse

Swahiba,

Ujumbe wako wa kuniuliza namna ya kuandaa diski mpya nimeusoma usiku, nikacheka peke yangu mpaka nikaulizwa nyumbani kuna nini. Kumbe na wewe umeangukia SPARCstation 5, kompyuta ya kampuni ya Sun! Chuma cha miaka ya 90, na bado kinawaka. Hongera, na pole kwa kelele za feni.

Diski ukishaichomeka, usiwe na pupa. Mara tu mashine inapowaka bonyeza Stop na A kwa pamoja, itakuletea neno "ok", yaani inasubiri amri. Andika probe-scsi uone kama diski imetambuliwa kwenye SCSI, njia inayounganisha diski na mashine. Humo diski ya kuwashia huwa namba 3, wala si 0, na sidii huwa 6. Ikionekana, andika boot cdrom -s, mashine iwake kutoka kwenye sidii, kisha uite format, programu ya kupanga diski. Diski ngeni italalamika kwamba haina lebo, usishtuke. Chagua type, halafu Auto configure, diski yenyewe iseme ina silinda ngapi, yaani mizunguko ya kuhifadhia data.

Lebo yenyewe ni kitu kidogo mno, baiti 512 kwenye sekta ya kwanza. Lakini ndimo ilimoandikwa kila kipande cha diski kinaanzia silinda gani. Ikifutika, mafaili yako yapo ila mashine haijui pa kuyatafutia.

Vipande ni vinane, 0 mpaka 7. Mimi huweka mzizi wa mfumo (/) kwenye 0, swap (nafasi ya kusaidia kumbukumbu) 1, /usr 6, na /export/home 7. Cha 2 ni diski nzima, toka silinda ya kwanza hadi ya mwisho. Hicho kiache kilivyo, bwana wee! Mimi kiliniliza. Nilitaka kusafisha cha 7 tu, usingizi umenijaa, nikaandika newfs, amri ya kuunda mfumo mpya wa mafaili, hivi: newfs /dev/rdsk/c0t3d0s2. Hiyo s2 ya mwisho ndiyo kipande cha 2, nami nilitaka s7. Ikaniuliza kwa adabu kama kweli nataka. Nikabonyeza y kama mtu anayeitikia salamu. Ikapita diski nzima ikipiga mihuri yake juu ya kila kipande, na kwenye cha 6 ndiko zilikokuwa programu nilizozijenga kwa gcc, kompaila ya kugeuza msimbo kuwa programu, usiku baada ya usiku. Unajua gcc ilivyo kwenye prosesa ile: unaweka chai, unakunywa, unaosha kikombe, bado.

Ukimaliza kupanga jedwali la vipande, andika label, amri ya kuiandika lebo kwenye diski, kabla ya kutoka, la sivyo yote uliyopanga yatapotea, maana bado yapo kwenye kumbukumbu tu. Kisha endesha prtvtoc, amri ya kuonyesha jedwali hilo, uyanakili matokeo kwenye karatasi. Karatasi yangu nimeibandika kwa ndani ya kifuniko cha mashine.

Betri ya NVRAM, chipu inayotunza mipangilio ya mashine ikizimwa, kwangu imekufa, kila nikiwasha mashine imesahau hata anwani yake ya Ethernet (ya mtandao wa waya), naiandika upya kwa mkono. Ya kwako bado hai? Niandikie, na umsalimie shemeji, umwambie hilo dude mezani halitakaa milele.

Wako yule yule wa vyuma chakavu