Kwa baba vijana wa msikitini kwetu: itikafu isianze kwa kununiana nyumbani

Assalaam alaykum wanangu,

Nawaandikia nyinyi wenye watoto wadogo na ada za shule shingoni, mnaoiwahi isha rakaa ya mwisho huku simu inatetemeka mfukoni. Kila likikaribia kumi la mwisho la Ramadhani, siku ambazo wengi hukaa itikafu, yaani kujitenga msikitini kwa nia ya ibada, mnanijia mmoja mmoja: "Babu, natamani kukaa itikafu, ila nyumba haiachiki." Leo nawajibu wote.

Mwaka wangu wa kwanza nilibeba mkeka, mto na msahafu, nikaaga mlangoni kama mtu anayekwenda dukani. Siku kumi! Nyuma nimeacha watoto watatu, mdogo ana surua, nguo za sikukuu ziko kwa fundi hazijalipiwa. Usiku wa 23 mwanangu mkubwa akaniletea bakuli la tambi limefungwa kitambaa. Kwenye fundo pamechomekwa kikaratasi cha daftari: "Dawa ya mtoto imekwisha." Basi. Juzuu niliyokuwa nikiisoma haikusogea ukurasa. Mwili uko mihrabuni, moyo uko duka la dawa. Alfajiri nikakunja mkeka.

Nilipokuja kukaa darsani ndipo nikajua nilipokosea. Mtume (s.a.w.) akiwa itikafu alikuwa akimtolea Bi Aisha kichwa kutoka msikitini, naye akimchana nywele. Bi Safiya alikwenda kumzuru usiku, wakazungumza kitambo, na alipoinuka kurudi, Mtume akanyanyuka kumsindikiza hadi mlango wa msikiti. Yeye alijitenga na dunia, wake zake hakuwafungia mlango. Na kuna mwaka aliiacha ile ya Ramadhani, akakaa siku kumi za Shawwali. Sasa wewe unayegombana na mkeo ili uwahi safu ya mbele, umeipata wapi hiyo?

Sisi Mashafii, tunaofuata madhehebu ya Imamu Shafii, tuna wepesi mkubwa hapa. Itikafu haina idadi ya siku, wala saumu si sharti lake. Umeingia kuswali magharibi, tia nia, kaa hapo hapo mpaka isha. Umeshakaa itikafu. Saa moja hiyo na ushei, jioni moja kwa wiki, mimi imenituliza kuliko zile siku kumi za kukimbia.

Simu iacheni nyumbani. Mwaka jana niliamka usiku wa manane nikaona shuka jeupe linawaka kwa ndani kama kandili. Nikadhani kijana anasoma Qur'ani. Alikuwa anaangalia mpira.

Na mkeo mwambie tangu Shaabani, si jioni ya kuamkia mwezi 21. Yeye naye anachoka, tena kukushinda. Mpangiane zamu: usiku wake aende upande wa kina mama, wewe ubaki na watoto, daku upike mwenyewe, na vyombo uoshe, usivirundike karoni ukadai umesaidia.

Anayetaka, mwaka huu aanze na usiku mmoja tu, wa 25 au wa 27. Mkeka wa ziada ninao. Uji wa pilipili manga ataleta bibi yenu, ambaye amesoma barua hii kabla yenu na kunisahihisha: dawa ilikwisha usiku wa 22, kikaratasi ndicho kilichochelewa kwa sababu hakuwa na wa kumtuma.

Babu yenu,
Tanga