Barua kwa mwanangu: santuri ya Morricone

Mwanangu,

Marahaba, salamu nimezipata. Hiyo santuri ya muziki wa filamu ya Kiitalia, C'era una volta il West, uliyoipata usiipige bado.

Iinamishe chini ya taa, utazame pale palipo laini kati ya lebo na mwisho wa mfereji, ule mstari unaofuatwa na sindano. Waitalia mara nyingi walichora hapo tarehe kwa mkono. Filamu ni ya 1968; tarehe ya karibu na hapo ni dalili njema ya toleo la mwanzo, lakini ni ya kukatwa kwa bamba mama, lile ambalo nakala zote hutokana nalo, si ya siku nakala yako ilipochapwa.

Isafishe kwa maji yaliyokenekwa, sehemu 4, na spiriti ya isopropili sehemu 1. Maji ya bomba huacha chokaa, nayo ikikauka mferejini ndiyo hiyo mikwaruzo utakayosikia. Futa kwa kitambaa laini kufuata mduara, lebo isilowe.

Uzito ambao sindano inaikandamiza santuri uwe ule ulioandikwa na kiwanda cha sindano, kwa kawaida gramu 1.5 hadi 2. Wengi huupunguza wakidhani wanaiokoa santuri. Sindano nyepesi mno huyumba na kugonga kuta za mfereji, na hapo ndipo santuri inapoharibika.

Sasa sikiliza. Mtunzi Morricone aliutunga muziki huu kabla ya filamu kupigwa, mwongozaji wa filamu, Leone, akaucheza waigizaji wakiwa kazini, hivyo mwendo wao uliupata mdundo wake. Mwigizaji Claudia Cardinale anapotoka stesheni, kamera inapanda juu ya paa na sauti ya mwimbaji Edda Dell'Orso inapanda nayo. Dell'Orso hatamki neno hata moja. Sisi tumezoea fidla za taarabu zikimjibu mwimbaji. Hapa mwimbaji mwenyewe ndiye fidla. Ifuate pumzi yake: anaingia taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Kisha tafuta kinanda cha mdomo cha Franco De Gemini, kinavyolia peke yake hadi gitaa la umeme lenye sauti ya kukereza linapokijia. Kwangu hakuna dakika nzuri kuliko hizo.

Sauti ya juu kama ya Dell'Orso ndiyo inayofichua kasoro. Pembeni mwa santuri mfereji hupita chini ya sindano kwa sentimita 50 hivi kwa sekunde. Karibu na lebo ni kama 21 tu, mawimbi yamebanana. Dell'Orso akikwaruza mwisho wa upande na mwanzoni alikuwa safi, rekebisha pembe ya kichwa cha sindano kwa karatasi ya kupimia. Akikwaruza upande mzima, chungulia sindano: ikiwa imeshapiga saa 500 hivi, nunua mpya. Ikibaki vilevile na sindano mpya, mfereji umeliwa na aliyeimiliki kabla yako.

Ihifadhi wima, mbali na dirisha la jua.

Mama yako