Dinari nene ya Kimalai? Ipime kwanza

Mara kwa mara tunaletewa picha ya "dinari ya masultani wa Kimalai": pana, nene, inang'aa kama sahani ya harusi. Swali letu ni moja tu: ina gramu ngapi? Mtu akijibu nane, tunamwambia asilipe.

Mas, sarafu ndogo ya dhahabu ya usultani wa Aceh, kaskazini mwa Sumatra, ina takriban gramu 0.6. Ni kama kifungo cha shati, tena chembamba, na ukiidondosha zuliani utaitafuta kwa magoti. Kupang, sarafu ya dhahabu ya usultani wa Johor kwenye rasi ya Malaysia, ina uzito wa karibu na huohuo; kupang nne ndizo mas moja ya huko, na nyingi zina pembe nane. Kijang, sarafu ya dhahabu ya Kelantan na Patani, kaskazini zaidi kwenye rasi hiyo, utaijua kwa mnyama wake, kulungu, yuleyule aliye kwenye nembo ya Benki Kuu ya Malaysia. Ama usultani wa Melaka, ulioangushwa na Wareno mwaka 1511, sarafu zake zinazojulikana ni za bati. Ukiuziwa ya dhahabu, shtuka.

Waliopita madrasa wana faida hapa. Kwenye sarafu nyingi za Samudera-Pasai, usultani wa kaskazini mwa Sumatra uliotangulia Aceh, na za Aceh ya mwanzo utasoma "as-sultan al-adil", na upande wa pili jina la mtawala. Za Safiatuddin, malkia wa Aceh kuanzia 1641 hadi 1675, hubeba cheo chake, Taj al-Alam. Herufi zilizokatika ukingoni zisikutishe, kwani mara nyingi chapa ilikuwa kubwa kuliko kipande cha dhahabu. Cha kutisha ni maandishi yaliyogeuka kama kwenye kioo: aliyeyachonga alinakili picha tu.

Wateja wengine hujipimia majini nyumbani. Dhahabu safi ya gramu 0.6 ikizama hupungua gramu 0.03, shaba nyeupe ya uzito huo hupungua kama 0.07. Mizani ya jikoni haioni tofauti hiyo. Yetu inasoma elfu moja ya gramu, na tunapima mbele yako.

Tunaomba jambo moja: usiisugue, wala usiipitishe kwa sonara kwanza. Nyingi ziliwahi kutobolewa au kulehemiwa kishikizo ziwe mapambo, na alama hizo hushusha bei. Lakini kishikizo kikibanduliwa na kovu kusuguliwa, bei hushuka zaidi. Ilete ilivyo, na uchafu wake, ndani ya karatasi laini.