Opera ya ukombozi isiyo na Mwafrika jukwaani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo huachwa nje mara nyingi opera ya Lo schiavo, yaani Mtumwa, ya Mbrazili Carlos Gomes inaposifiwa kuwa sauti ya vita vya kukomesha utumwa. Muziki wenyewe siulaumu hata kidogo, kwani kile kipande cha ala tupu kiitwacho Alvorada, ambamo kiza kinaondoka polepole hadi kunakucha, hunitoa machozi kila ninapokisikiliza.

Opera hiyo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Rio de Janeiro tarehe 27 Septemba 1889, miezi 16 tu baada ya sheria ya kufuta utumwa nchini Brazili, na Gomes aliitunukia Binti Mfalme Isabel, aliyeitia saini sheria hiyo. Kisa kama kilivyobuniwa na Taunay, rafiki wa mtunzi, kilihusu watumwa weusi, lakini kilipofika jukwaani watumwa walikuwa wamegeuzwa Wahindi Wekundu wa mwaka 1567, wanaoimba Kiitaliano. Waafrika, ambao takriban milioni 5 kati yao waliteremshwa Brazili, wakiwemo wengi waliotolewa pwani ya Msumbiji, hawakuachiwa hata ubeti mmoja katika hadithi yao wenyewe.

Hilo linaniuma kwa sababu uhuru ule haukushuka kutoka ikulu. Mwaka 1881 huko Fortaleza, mji wa mkoa wa Ceará ambao meli zilitia nanga mbali na ufuko wake, kila mzigo na kila mtu alivushwa kwa vyelezo, na watumwa waliouzwa kwenda mashamba ya kahawa ya kusini walipitia njia hiyo hiyo. Wavushaji, wakiongozwa na watu kama Francisco José do Nascimento, rubani wa bandari na mtoto wa mvuvi, walikataa kuwapakia. Vyelezo vikabaki mchangani, wafanyabiashara wakabaki na watu wasioweza kuwafikisha melini, na tarehe 25 Machi 1884 mkoa wa Ceará ukafuta utumwa, miaka minne kabla ya Binti Mfalme kushika kalamu. Yupo pia Luiz Gama, aliyeuzwa na baba yake mzazi akiwa na miaka 10, akajisomea sheria mwenyewe, na kupitia mahakama akawakomboa watu zaidi ya 500. Alifariki mwaka 1882 bila kuiona siku yenyewe.

Sisemi opera ya Gomes iwekwe kando. Ninachoomba ni kwamba waandishi wako wa sanaa, watakapoiandikia tena, wamweleze msomaji ni nani aliyeondolewa jukwaani, na watenge walau aya moja kwa ajili ya vile vyelezo vya Fortaleza.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi