Mkono "ulioshtuka" huenda umevunjika

Mhariri,

Msimu wa karafuu Pemba hauishi bila ya watu kuanguka. Anayeteleza mkarafuuni hutanguliza kiganja, uzito wote ukaishia kwenye kifundo cha mkono. Jioni majirani wameshatoa hukumu: "Umeshtuka tu, ukandwe."

Kabla ya kukanda, mwambieni anyooshe gumba kwa nguvu. Chini ya gumba, upande wa nyuma ya mkono, hutokea kishimo kati ya kano. Kibonyezeni taratibu kwa ncha ya kidole. Akiruka kwa maumivu, mhesabuni kuwa amevunjika skafoidi, kijifupa chenye umbo la korosho, hata kama eksirei ya siku ya kwanza ni safi. Ufa wake mara nyingi hujificha mwanzoni. Afungwe, kisha apigwe picha tena baada ya siku 10 hadi 14. Kijifupa hiki hupata sehemu kubwa ya damu yake kinyumenyume, kutoka upande wa vidole kurudi kwenye kigasha. Kikikatika katikati, kipande cha nyuma huweza kukosa damu, kikakataa kuunga, hata kikafa. Mafuta ya karafuu yatapasha ngozi joto. Mfupa hauna habari nayo.

Mfupa wa kigasha ukivunjika karibu na kifundo, mkono hupinda kama uma uliolazwa, na hapo habishi mtu. Balaa ni mabanzi. Mkono huendelea kuvimba siku mbili tatu, kwa hiyo kamba iliyokazwa leo kesho ni kitanzi. Ganzi ya gumba, kidole cha shahada na cha kati ni mshipa wa fahamu unaobanwa. Vidole vikiwa baridi, au maumivu yakizidi vinaponyooshwa, msingoje kukuche. Legezeni kila kitambaa mpaka ngozi, na pamba ya ndani pia, kwani ikilowa damu na kukauka hukaza kama plasta. Kisha hospitali: Wete, Chake Chake au Abdulla Mzee, Mkoani. Plasta inayobana nayo hupasuliwa urefu wote. Pete zivuliwe mapema, mkono uinuliwe juu ya moyo, vidole vichezeshwe.

Wiki chache baadaye, hata pale mfupa ulipopata ufa bila ya kuhama, gumba huweza kugoma ghafla: kano yake imesagika ikakatika. Laza kiganja mezani, uinue gumba peke yake. Lisiponyanyuka, si la kukandwa. Daktari wa upasuaji huazima kano kutoka kidole cha shahada, ambacho kina mbili za kukinyoosha.

Mtaalamu wa viungo,
Chake Chake, Pemba